Kwa Marehemu Kuna Nafasi?

Nyumba ile ilijengwa na mtu mwenye mbao nyingi asiyejua kuacha. Alikuwa mfanyabiashara wa mbao, na alipoanza kujenga akaongeza chumba, akaongeza kingine, akapandisha ghorofa, akazungusha veranda pande tatu, akaweka ngazi pana ambayo watu watatu waliweza kuipanda sambamba bila kusukumana. Alipokufa aliacha nyumba kubwa kuliko zote pembeni mwa mji ule mdogo, na familia ambayo kwa heshima haikulitaja tena jina lake. Wakamwita Marehemu, basi. Si marehemu fulani bin fulani. Marehemu, utadhani tangu dunia iumbwe hakuna mwingine aliyewahi kufa.

Wajukuu wakazaliwa wakakuta mambo yako hivyo. Chumba kikubwa cha juu, chenye dirisha pana la mbao na kitanda ambacho huwezi kukitoa bila kubomoa ukuta, kiliitwa kwa Marehemu. Mpira ukipotea, katafute kwa Marehemu. Miwani iko wapi? Nimeiacha kwa Marehemu. Vyumba vingine navyo vilikuwa na majina yao. Kulikuwa na kwa Mapacha, walikozaliwa shangazi wawili waliogombana hadi uzeeni. Kulikuwa na Gerezani, kichumba cha chini ya ngazi walikofungiwa watoto watundu. Na baadaye kikapatikana kwa Mgonjwa, chumba kilichokula ujana wa Kitinda.

Kitinda aliitwa hivyo kwa kuwa alikuwa kitinda mimba, na jina likamganda. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza chuo cha ushonaji baba yake alipopooza upande mmoja. Wakubwa wakakaa kikao sebuleni, wakanywa chai, wakaamua kwamba Kitinda, kwa kuwa hana mume wala mtoto, ndiye atakayebaki na mzee. Alikuwa na mchumba, fundi wa redio, mtu mpole, lakini kwenye kikao kile mchumba hakuwa hoja. Fundi akasubiri, akasubiri, mwisho akaoa kwingine, na mimi simlaumu sana.

Siku za mwanzo alikuja muuguzi kumwonyesha namna ya kumgeuza mgonjwa. Akamfundisha na kutandika. Uvute shuka kwenye pembe, ulichomeke chini ya godoro, kisha upitishe kiganja polepole kutoka kichwani hadi miguuni, ukitafuta mkunjo kwa mkono na si kwa macho. "Mkunjo mmoja tu, mdogo wangu," alisema yule muuguzi, "unachubua ngozi ya mgonjwa, na hapo ndipo kidonda kinapoanzia." Kitinda akatandika hivyo kila asubuhi, miaka nenda miaka rudi. Baba yake alikufa mzee kabisa, mgongo wake mzima, hauna hata mchubuko. Msibani watu walimsifu kaka mkubwa kwa ukubwa wa turubai.

Huyo kaka mkubwa hakuwa mtu mbaya, tusimwonee. Ndiye aliyelipia hospitali tangu mwanzo hadi mwisho, na kila mvua zikija ndiye aliyepigiwa simu kuambiwa paa linavuja tena. Alikuwa amechoka. Matanga yalipoisha akawaita ndugu zake, akasema nyumba iuzwe. Kuna mkandarasi mmoja anaitaka, si kwa kukaa, anataka mbao zake na milango yake, halafu kiwanja.

"Na mimi?" Kitinda akauliza.

"Wewe usiwe na wasiwasi, Kitinda. Kuna kile chumba nyuma ya gereji yangu. Nitakitia rangi."

Kitinda alikijua chumba hicho. Kilikuwa na matairi ya zamani na dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Mwanamke aliyelala maisha yake yote kwenye nyumba ambayo hata mwangwi una pa kutembea, leo anaahidiwa rangi. Hakuwahi kuogopa kitu kama alivyokiogopa chumba kile, lakini alinyamaza, kwa sababu alizoea vikao kuamua na yeye kukusanya vikombe.

Aliyesema ni binti wa kaka mwenyewe. Huyu alikuwa mpokea wageni kwenye hoteli kubwa ya mjini, wakampunguza kazi, akawa yuko nyumbani anamkera baba yake kwa mawazo mapya. Alisimama katikati ya kikao, kitu ambacho watoto wa familia ile hawakukifanya.

"Baba, tupe nafasi mimi na Shangazi tuifanye nyumba ya wageni. Barabara kuu iko hapo tu. Watu wanapita wamechoka, hawana pa kulala."

Kaka mkubwa akakunja uso, akamtazama binti yake, akamtazama dada yake, akakubali shingo upande. "Sawa. Mpaka mvua zinazokuja ziishe. Nikikuta nyumba inajiendesha, mimi sina neno. Nikikuta hakuna kitu, nakuja na mnunuzi na sitaki machozi ya mtu."

Basi wale wawili wakaingia kazini. Wakasugua, wakapaka rangi, wakaziba paa pale walipoweza kufika, wakanunua magodoro mapya, wakaweka kibao barabarani. Kitinda akashona mapazia ya vyumba vyote kwa mkono wake. Na wageni wa kwanza hawakuchelewa. Chini, kwa Mgonjwa, alipanga bwana mmoja muuza vitabu, mzito wa masikio. Jioni yake wakaja maharusi, wametoka kuoana, wameletwa na teksi, bibi harusi bado ana hina mikononi. Kitinda alifurahi mpaka akawapokea begi kwa mikono miwili.

"Karibuni, karibuni sana wanangu. Nyinyi ni maharusi, hatuwezi kuwaweka popote tu. Tumewaweka kwa Marehemu."

Bwana harusi akacheka kidogo, akidhani amesikia vibaya. "Kwa nani, mama?"

"Kwa Marehemu. Ndicho chumba kizuri kuliko vyote. Kitanda ni chake kilekile, hatujakitoa. Alikipenda! Amelala hapo mpaka dakika yake ya mwisho."

Bibi harusi akamshika mumewe mkono.

"Na mkisikia ngazi inalia, msishtuke," Kitinda akaendelea, hana hili wala lile, anatangulia na begi. "Ndiyo kawaida yake."

Akawafungulia mlango, akawaonyesha dirisha, akawaambia Marehemu alipenda sana wageni na angefurahi kuwaona, akashuka zake. Wangeweza hata hivyo kupiga moyo konde wakalala, vijana wale, kama si sauti ya binti kutoka jikoni.

"Shangazi! Maji ya moto nianzie wapi?"

"Anza kwa Marehemu!" Kitinda akajibu kwa sauti kutoka uani. "Halafu kwa Mgonjwa!"

"Na Gerezani?"

"Gerezani leo hamna mtu!"

Ngazi ikalia kweli. Bwana harusi alishuka na begi kifuani, mkewe mbele yake, mguu niponye. Akasema wamepata dharura. Dharura gani hakusema, na dereva wa teksi, aliyekuwa bado kibarazani anakunywa maji, hakupewa hata muda wa kumaliza bilauri.

Shangazi na binti wakabaki wanatazamana. Wakajiuliza kama ni godoro. Godoro ni jipya. Labda ni rangi, bado inanuka. Walikuwa wanakula chakula cha maharusi, kisije kikaharibika, ndipo binti alipoweka kijiko chini.

"Shangazi. Tumemwambia bibi harusi kwamba amewekwa kwa Marehemu."

"Sasa si ndiko tulikomweka?"

"Shangazi, lisikilize neno lenyewe. Ma-re-he-mu."

Kitinda akalisikiliza. Alikuwa amelitamka tangu anajifunza kusema, na lilikuwa linamaanisha dirisha pana, kitanda kikubwa na harufu ya mbao. Kwa mara ya kwanza akalisikia kama wanavyolisikia watu wengine. Binti alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaona uso wa shangazi yake akaacha kucheka.

Habari mbaya haihitaji nauli. Haukupita muda, kaka mkubwa akapiga simu.

"Nasikia mmefungua mochwari."

"Kaka, ni kosa dogo tu la..."

"Mvua zikiisha, Kitinda. Tulikubaliana."

Binti akafanya kama walivyomfundisha hotelini. Akaandika vibao vizuri vya maua akavigongomea milangoni: Waridi, Yasmini, Alizeti. Ikawa balaa jipya, kwa sababu Kitinda alikuwa amezoea vyumba vyenye majina ya watu. Mgeni wa nadra akitokea, anamwambia, "Wewe tumekuweka kwa Alizeti," na mgeni anauliza huyo Alizeti ni nani, na mwenyewe atalala wapi. Lakini wageni wenyewe walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Mvua zikaanza, barabara ikawa tope, na vyumba vikakaa vitupu wiki baada ya wiki. Kitinda alivitandika vyote kila asubuhi hivyo hivyo, kiganja kutoka kichwani hadi miguuni. Binti akimwuliza anamtandikia nani, anahamia kitanda kingine. Alikuwa akiingia jikoni analia kidogo, anajipangusa na aproni, anarudi na ufagio.

Kumbe yule bwana harusi alikuwa kinyozi. Hapo mjini kwao ana kiti kimoja, kioo kimoja na mdomo usiofungwa, na kichwa chochote kilichoinama mbele yake kilipata habari ya usiku wa harusi yake. Alijicheka mwenyewe bila haya. Akaeleza alivyoshuka ngazi, akaigiza sauti ya Kitinda, na kila siku akatia chumvi kidogo, hata mvua zilipokuwa katikati Marehemu alishaanza kupeleka maji ya moto yeye mwenyewe. Watu walitoka pale wamenyolewa nusu kwa sababu ya kucheka.

Simu ya kwanza ilikuwa ya dereva wa lori.

"Habari za hapo, dada. Eti, kwa Marehemu kuna nafasi?"

Binti, aliyekuwa amekaa jirani, akaanza kutikisa kichwa na kuonyesha kidole kibao cha Waridi. Kitinda akafungua mdomo aseme wana Waridi, wana Yasmini. Kisha sijui kilimjia nini, mwanamke ambaye hakuwahi kumtania mtu asiyemjua.

"Ipo," akasema. "Ila ulale upande wa dirishani. Yeye analala ukutani."

Upande wa pili dereva alicheka mpaka simu ikakoroma. Jioni hiyo lori lilikuwa limeegeshwa nje. Asubuhi akateremka kunywa chai, akajifanya amenuna.

"Sikumwona."

"Yeye kakuona," Kitinda akamjibu huku akimimina. "Kasema unakoroma."

Dereva akacheka tena, halafu akashika kikombe kwa mikono miwili. "Lakini dada, bila utani. Tangu nianze hii kazi ya barabarani sijalala vile. Hicho kitanda mnakitandikaje?"

Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza Kitinda swali hilo. Akamweleza habari ya muuguzi, ya mkunjo, ya mgongo wa baba yake, na miaka yote ile. Alieleza akiwa amesimama na birika mkononi mpaka chai ikapoa. Dereva hakusema kitu cha maana, madereva nao wana aibu zao, lakini alipoondoka aliaga akimwita Shangazi kama alivyomsikia binti akimwita, na tangu hapo kila mgeni akawa mpwa wake.

Vibao vya maua vikang'olewa. Binti mwenyewe aliving'oa, akaandika vingine: Kwa Marehemu, Kwa Mapacha, Kwa Mgonjwa, Gerezani. Watu wakaja. Walikuja kwa utani wakakaa kwa usingizi. Kikundi cha akina mama kilimfungia mwenyekiti wao Gerezani kwa kosa la kuchelewa mikutano, naye asubuhi akagoma kutoka, anataka kulala kidogo tena. Bibi mmoja mjane aliomba kwa Marehemu akasema wa kwake hajamwota siku nyingi, labda hawa wanajuana. Kitinda akamwekea mto wa pili, na asubuhi hakumwuliza kitu.

Kaka mkubwa aliambiwa yote hayo kwenye simu na hakuamini hata nusu. "Hao ni wateja wa kuchekeshwa," alisema. "Mzaha ukiisha na wao wataisha. Mvua zimekatika, Jumamosi nakuja na yule mkandarasi." Aliyasema kwa upole, na upole wake ndio uliomvunja Kitinda nguvu. Ijumaa mchana alifunga mlango wa chumba chake akakunja nguo zake mbili tatu ndani ya mfuko, aone tu inakuwaje. Kisha akatoka, kwa sababu kesho yake wauguzi wastaafu waliokuwa safarini kwenda harusini walishasema wanafika, kundi zima, na kulikuwa na mataulo ya kuanika.

Jumamosi mchana wauguzi walikuwa wamejaa nyumba nzima, wengine wanaoga, wengine wamejinyoosha. Kwa Marehemu alikuwemo mzee mstaafu wa reli, ambaye alifika alfajiri akaomba asisumbuliwe. Kitinda alikuwa anapanda ngazi na mataulo alipoyasikia magari mawili uani. Hakuteremka.

Mkandarasi aliingia akigongagonga nguzo kwa kidole. "Mbao ngumu hii. Siku hizi huipati." Akaanza kupima mlango wa sebule. Kaka mkubwa akampita dada yake pale ngazini, akamsalimia kwa haraka bila kumtazama machoni, akasema anataka kumwonyesha bwana yule vyumba vya juu. Kitinda akataka kumwambia vyumba vina watu. Lakini kaka alishafika juu.

Kaka akashika kitasa cha kwa Mapacha akafungua kama alivyokifungua utoto wake wote. Ukelele ukatoka humo.

"We baba! Kwenu hamjui hodi?"

Akaufunga kwa kishindo. "Samahani, mama. Samahani sana." Mlango wa pili aliusogelea, akasikia vicheko vya wanawake ndani, akauruka. Ukabaki wa mwisho, wa kwa Marehemu. Akasimama mbele yake. Walipokuwa wadogo walikuwa wanashindana nani athubutu kuugonga, na wakigonga walikimbia kabla ya kusikiliza. Akanyoosha mkono, akagonga.

"Hodi."

"Nani?" Sauti nzito ya kizee, kutoka ndani.

Mkono wa kaka mkubwa ukabaki hewani. Kitinda alimwona, bega lake, shingo yake, jitu zima limesimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Mimi," akasema. Akakohoa. "Mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ni Shangazi," ikasema ile sauti. "Nimeonana naye leo asubuhi, kanitandikia mwenyewe. Wewe ni nani?"

Mtu aliyezoea kujibu kila kitu alitafuta jibu, na alipolipata lilitoka dogo, si la mtu aliyekuja kuuza nyumba.

"Ni mjukuu," akasema. "Mjukuu wake."

"Wa huyu Marehemu?"

"Ndiyo, babu."

"Basi ungesema. Pita, hapa ni kwenu. Ila vua viatu, Shangazi kapiga deki."

Na akavua. Aliinama pale mlangoni na kitambi chake, akahangaika na kamba, akavua kimoja, akavua kingine, akabaki na soksi zake juu ya mbao alizoziweka babu yake. Hakuingia. Alisimama tu, akapitisha kiganja kwenye fremu ya mlango, polepole.

"Vipi, mkubwa, tunaendelea?" mkandarasi akauliza kutoka chini.

Kaka mkubwa akageuka. Akamwona Kitinda na mataulo yake, akamtazama safari hii, akamtazama sana.

"Nisamehe, bwana," akamwambia mkandarasi. "Nyumba ina wenyewe."

Mkandarasi akasema walikubaliana. Akasema kapoteza siku, kapoteza mafuta. Kaka akaitika kila neno, ndiyo, kweli, nisamehe, na hakulirudisha lile alilosema. Gari moja likaondoka uani kwa hasira, likamwagia kibao tope. Wauguzi walikuwa wameshatoka vyumbani na kanga na taulo, wamejipanga juu ya ngazi wanataka kujua kuna nini.

"Kitinda," akasema kaka mkubwa, viatu mkononi. "Mimi leo nitalala wapi?"

Kitinda alikuwa na jibu moja tu, na hakuwahi kudhani maishani mwake angelitamka mbele ya kaka yake, ndani ya nyumba ya baba yao.

"Nyumba imejaa, kaka."

Akalia hapohapo ngazini, mbele ya wageni wote, bila kujificha wala kujipangusa, na kaka yake akaweka viatu chini akampokea mataulo.